Ushuhuda Uliopigwa Pasi

Mwendesha mashtaka alizirusha karatasi tatu juu ya meza kama mtu anayemrudishia muuzaji samaki aliyeoza.

"Nisomee hiyo ya kwanza, Inspekta. Kwa sauti."

Kituo kizima kilimwita Inspekta huyo Mama Hebu, kwa kuwa hakujua kuuliza swali bila kulitanguliza neno hilo. Aliichukua karatasi, akavaa miwani. "'Gari jeupe lilitoka kasi upande wa kulia, likamgonga marehemu, wala halikusimama. Aliyeliendesha ni mkandarasi wa jengo la jirani na kanisa letu. Marehemu alikata roho palepale.'"

"Sasa ya pili."

Mama Hebu hakuisoma. Alikwisha kuiona kwa pembe ya jicho, na ya tatu pia. Maneno yalikuwa yaleyale, na yamepangwa vilevile.

"Fundi viatu, fundi cherehani na mpiga kinanda," mwendesha mashtaka alisema. "Wameona mfanyakazi wa kanisa lao akiuawa barabarani, kisha wote watatu wakalisimulia jambo hilo kwa pumzi moja. Wakili wa mkandarasi amezisoma. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama kanisa lile lina kwaya, maana kuimba wanajua."

"Na mteja wake anasemaje?"

"Pikapu yake iliibwa asubuhi ile, yeye hakuwepo. Kanisa linamsingizia kwa sababu wamegombana naye kuhusu ukuta wa mpaka. Mchana huu anaomba aachiwe. Kwa karatasi hizi, Inspekta, mimi sisimami mbele ya hakimu kujichekesha. Mpaka mahakama irudi kutoka mapumzikoni uwe umeniletea kingine, la sivyo anakwenda zake."

Kwenye benchi la korido alikaa binti wa marehemu, msichana mwenye kitambaa cheusi kichwani. Mama yake alikuwa msafishaji wa kanisa, akagongwa mbele ya mlango uleule aliokuwa akiufagia. Alipomwona Mama Hebu akasimama.

"Afande, wanamwachia?"

"Nani kakwambia?"

"Wakili wake kapita hapa anacheka."

"Hebu kaa, mwanangu. Bado yuko ndani."

"Mimi nataka kujua ilikuwaje tu," binti alisema. "Kila nikiuliza kanisani wananijibu kitu kimoja. Mama yako alikata roho palepale. Nauliza, alianguka vipi? Alikata roho palepale. Nauliza, nani alimfunika? Alikata roho palepale. Basi hakuna aliyemwona zaidi ya hapo?"

Mama Hebu alikwenda moja kwa moja kumtafuta Sajini.

*

"Wamelipwa hawa," alisema Sajini walipokuwa wakishuka garini mbele ya kanisa. Ndiye aliyeyaandika yale maelezo, na alikuwa na uchungu wa mtu aliyedanganywa machoni. "Au wamekula njama wenyewe kwa ajili ya ule ukuta. Niliwachukua mmojammoja, Afande, kila mtu na siku yake, halafu bado wananiimbia wimbo mmoja! Ndiyo maana mimi kanisani nilishahama. Wanakukataza uongo, kisha wanaufanyia mazoezi."

Mama Hebu alipanda ngazi za kanisa, akasimama mlangoni akiitazama barabara. Jengo la mkandarasi, lenye nguzo na mabomba ya jukwaa, lilikuwa upande wake wa kulia. Akashuka, akavuka, akakaa kwenye kigoda cha fundi viatu, ambaye alikuwa amekwenda kuchota maji. Kutoka pale uso ulilielekea kanisa.

"Hebu niambie, Sajini. Siku ile fundi alikuwa wapi?"

"Hapohapo ulipokaa. Hilo hata jirani zake wamelisema."

"Gari lilitoka jengoni. Kwa mtu aliyekaa hapa, jengo liko mkono gani?"

Sajini aliinua mkono, akausitisha hewani. "Kushoto."

"Na yeye ametuandikishia kulia. Huyu fundi ametuuzia mkono wa mtu mwingine."

Fundi viatu alirudi na kopo la maji. Alipowaona, uso ukamshuka. Alianza kuisema sentensi yake kabla hajaulizwa, lakini Mama Hebu akamkatiza kwa kiganja.

"Hiyo ninayo. Hebu nianzie mwisho. Ulipotoka pale barabarani kurudi hapa, mkononi ulikuwa na nini?"

Fundi alipepesa macho. Swali hilo hakuwa amelitegemea. "Kiatu. Cha mteja. Nilikimbia nacho bila kujijua."

"Kabla hujakimbia uliona nini?"

"Niliona pikapu inaondoka, na marehemu yuko pale ukutani."

"Ukutani? Si aligongwa katikati ya barabara?"

"Aligongwa katikati, ndiyo, ila..." Fundi aliikuna shingo. "Afande, mimi nilikuwa nimeinama nashona. Nilisikia kishindo. Kuinua uso, pikapu imesimama."

"Imesimama?"

"Imesimama kabisa. Halafu likapita lori la mchanga likanikinga. Lilipopita ndipo nikaona hayo ya ukutani."

"Hapa umetia saini kwamba haikusimama."

"Wenzangu waliona haikusimama. Mwalimu wetu wa kanisani akasema tukienda hivyo tutaumbuka."

"Na mkandarasi? Au naye umewekewa mdomoni?"

"Yule nilimwona mwenyewe!" Fundi alikuja juu. "Lori lilipopita nilimwona akikanyaga kupanda garini. Zile buti nilizishona mimi, soli ya kulia ina kiraka changu chekundu. Nikiulizwa na yeyote nitasema hivyo."

"Mbona hukumwambia Sajini habari za buti?"

"Mwalimu alisema buti hazimo."

Mwalimu wa kanisa alitajwa tena na fundi cherehani, aliyekuwa kwenye ngazi siku ile. Mama huyo alikiri, huku akifuta macho kwa kipande cha kitambaa, kwamba gari alilolikumbuka yeye lilikuwa la kijivu. Alipoona linamjia mwenzake alifumba macho, akayafunika na mikono juu. Alipoyafumbua, linaondoka. Ndiyo maana alisema halikusimama. Aliyekuwa usukanini alimtambua kabla ya kufumba, maana ndiye aliyekuja kumfokea mchungaji wao mbele ya watu kwa sababu ya ukuta. Mpiga kinanda naye alikuwa ndani, karibu na mlango wenye bawa moja lililofungwa. Aliona nusu tu. Kwake yeye gari lilikuwa na watu wawili, au mtu mmoja na koti limetundikwa. Lakini sauti ya mkandarasi ikitukana aliisikia vizuri, na sikio lake halikuwa la kubahatisha.

Sajini alifunga kalamu yake kwa hasira. "Sasa tumekwisha kabisa. Imesimama, haikusimama. Jeupe, kijivu. Mmoja, wawili."

"Sasa ndiyo tumeanza," Mama Hebu alisema. "Mmoja alikuwa ameinama, mwingine kafumba macho, wa tatu kakingwa na mlango. Kila mtu anatofautiana na mwenzake pale pale ambapo hakuweza kuona. Lakini wote wametoka na pikapu, na mkandarasi, na jengo lile. Na kila mmoja amemjua kwa njia yake. Mtu aliyelipwa angekuletea kiraka chekundu kwenye soli?"

Sajini aliifungua tena kalamu yake. "Kwa hiyo si waongo."

"Si waongo. Na sasa hebu nikumbushe ile ndoo."

Ndoo ya plastiki ya marehemu ndiyo iliyokuwa imemkera Mama Hebu tangu siku ya kwanza. Iliokotwa ikiwa imesimama wima kando ya ukuta wa kanisa, matambara ya kupigia deki yamo ndani. Mtu aliyerushwa na gari hana muda wa kuisimamisha ndoo yake, na kila aliyeulizwa aliapa hakuigusa.

"Kama alishuka," Sajini alisema polepole, "kama ndiye aliyembeba marehemu hadi ukutani..."

"Ndoo tuliipima alama za vidole?"

"Hapana, Afande."

"Kwa nini?"

"Mashahidi watatu waliandikisha kwamba hakusimama. Tungeipima ya nini?"

Mama Hebu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Muuaji alikuwa ameacha mkono wake stoo ya vielelezo kituoni kwao, na waliomzuia kuutafuta ni watu waliompenda marehemu.

"Chukua gari," alisema. "Itoe ndoo stoo, mpelekee mtaalamu wa vidole, usitoke mlangoni kwake mpaka akujibu. Mimi nina mazungumzo na huyo Mwalimu."

*

Chumba cha mafundisho kilikuwa nyuma ya kanisa. Kilikuwa na mabenchi, ubao mweusi uliofutwa vizuri, na harufu ya chaki. Mwalimu alikuwa mtu nadhifu, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Mkewe alikuwa pembeni akikunja vitambaa vya madhabahuni.

"Karibu, dada," Mwalimu alisema. "Tumekuwa tukiwaombea polisi."

"Ahsante. Hebu niambie kwanza ni nani aliyewakalisha chini mashahidi wangu."

Wala hakukana. Alitabasamu kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Niliwasaidia. Jioni ileile niliwaita hapa. Kila mtu alikuwa anasema lake, huyu hivi, yule vile. Nikaondoa yaliyopingana, nikabakiza yaliyopatana, wakarudia mpaka wakashika. Hapa ndiyo desturi yetu. Hakuna anayesimama Jumapili kutoa ushuhuda kabla hajanisomea mimi Ijumaa, nikamnyoosha."

"Na ikiwa wawili wamesema haikusimama na mmoja kasema imesimama?"

"Wengi wape."

"Hata kama wawili wenyewe hawakuona!"

Tabasamu lilimtoka Mwalimu. "Dada, wewe hujui tulikotoka. Mwaka jana kulikuwa na mdahalo ukumbini, nami nikapelekwa kulisemea kanisa. Msomi mmoja akasimama akaniuliza, kaburini asubuhi ya Pasaka walikwenda wanawake wangapi? Waandishi wenu wanne wa Injili, huyu anataja mmoja, yule watatu. Malaika alikuwa mmoja au wawili? Akasema ingekuwa mahakama yake angewafukuza wote wanne. Ukumbi mzima ukacheka. Watoto wangu wa darasa la ubatizo walikuwa mle ndani, wakanitazama nikikosa la kusema. Nikaapa kwamba watu wangu hawatachekwa tena."

"Basi leo wamechekwa," Mama Hebu alisema, na sauti ikampanda. "Wakili wa muuaji anawacheka koridoni, mbele ya mtoto wa marehemu! Na mchana huu mteja wake anaweza kutoka, kwa sababu yako. Walikuwa na ukweli, Mwalimu. Kila mtu na kipande chake. Ukawanyang'anya, ukavipiga pasi vikafanana, mpaka ukweli wenyewe ukawa na sura ya uongo. Na wewe ulikuwa wapi gari lilipogonga?"

"Humu ndani."

"Humu ndani! Yaani asiyeona kitu ndiye aliyewaandikia walioona!"

"Ningewaacha wakapingane mbele ya hakimu?"

"Ndiyo! Ungewaacha! Mimi kila siku ninahangaika na mashahidi wa kweli. Huyu shati jekundu, yule la bluu, na wote walikuwa wanamtazama mwizi mmoja. Nikikuta wanapatana mpaka kikohozi, ninaacha kuwasikiliza, ninamtafuta aliyewafunza." Alivuta pumzi. "Na huyo msomi wako, umekosa la kumjibu mpaka leo? Hao wanne wako walikuwa na wasaa wa kufanya ulichofanya wewe. Kukubaliana wanawake wangapi, malaika wangapi, ni kazi ya jioni moja, wewe mwenyewe umeifanya. Hawakuifanya. Na waliokuja nyuma wakiyanakili hawakuifanya. Mimi sikuwa zamu asubuhi ile, siwezi kukuapia nani aliondoa jiwe. Ila zikija mezani kwangu karatasi zao na karatasi zako, zako ndizo nitakazozitilia shaka kwanza. Unawatetea kwa kuwaonea aibu!"

Ndipo mkewe akaviweka vitambaa chini.

"Na mimi?" aliuliza. "Mwambie na habari zangu."

"Mke wangu, hilo tulishalimaliza."

"Ulilimaliza wewe."

Mama Hebu alimgeukia. "Hebu sema, Mama Mwalimu. Anza unapotaka."

"Nilikuwa uani naanika hivi vitambaa. Nikasikia kishindo, nikapanda tofali nikachungulia juu ya ukuta. Yule mkandarasi alishuka, akamkamata mwenzangu kwapani, akamburuta mpaka ukutani, akamkalisha. Akarudi kuchukua ndoo, akakusanya matambara akayatia, akaiweka kando yake, kama vile amekaa kupumzika. Akatazama huku na huku. Kisha akaondoka. Kuna lori lilipita katikati, la mchanga au la kokoto, sikuliangalia. Mimi nikazunguka getini mbio."

"Ukamkuta ameshafariki."

"Hapana. Nilimkuta yu hai."

Mama Hebu hakuandika kitu, alimtazama tu. "Kwa muda gani?"

"Sijui. Kwangu ulikuwa mrefu. Nilimlaza mapajani. Alisema na mimi. Wenzangu walipofika alikuwa ameshanitoka, ndiyo maana wao wanajua alikufa palepale."

"Na haya hukuyaandikisha."

"Mume wangu aliniambia mmoja hawezi kuwapinga watatu. Tena mke wa Mwalimu, watasema nimefundishwa." Akamgeukia mumewe, na sauti yake, iliyokuwa ya upole siku zote, ikakakamaa. "Kila Pasaka unasimama pale mbele kutufundisha kwamba wanawake ndio waliotangulia kaburini, wakaenda kuwaambia wanaume, na wanaume wakaona ni porojo. Unasema, mtu anayetunga asingewachagua wanawake kuwa mashahidi, nyakati zile nani angewasikiliza? Unapasemea pale kwa nguvu mpaka jasho linakutoka. Mwaka huu mume wangu ulikaa upande gani?"

Mwalimu aliketi kwenye benchi la wanafunzi wake.

Simu ya Mama Hebu ililia. Alikuwa Sajini, anahema kama aliyekimbia. "Afande! Kwenye mshikio wa ndoo na ukingoni. Dole gumba na viwili vingine. Ni vyake, mtaalamu amelinganisha na tulivyomchukua siku ya kumkamata. Na yeye si alisema hakuwepo?"

Mama Hebu alimpigia mwendesha mashtaka hapohapo, akamweleza. Sauti ya upande wa pili ikauliza, "Na hayo maelezo mapya, yanapatana?"

"Yanapingana kwenye rangi ya gari, kwenye idadi ya watu, na kama lilisimama au la."

"Yanapingana?"

"Kama ya watu walioona, mkuu. Kila mtu kutoka aliposimama. Na ndoo iko katikati yao."

"Walete wote," mwendesha mashtaka alisema. "Na huyo mama wa nne awe wa kwanza."

*

Hakimu alikataa kumwachia. Wakili alipita koridoni akitazama viatu vyake, na safari hii hakuna aliyemsikia akicheka.

Binti wa marehemu alikuwa palepale kwenye benchi. Mama Hebu alimwambia habari ya ndoo, na kwamba mkandarasi amerudishwa mahabusu na shauri litasikilizwa. Binti aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa Mama Mwalimu, aliyekuja nyuma, na kwa Mwalimu aliyesimama karibu na ukuta.

Mama Mwalimu alikaa kando yake, akamshika mkono. "Mwanangu, mama yako hakukata roho palepale. Nilikuwa naye. Alisema."

Binti hakulia. Aligeuza uso taratibu mpaka ukakutana na wa Mwalimu.

"Umekuja nyumbani kila jioni kuniombea," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Niliona jambo lile lingewachanganya watu."

"Mimi ndiyo watu?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mama Hebu angeweza kumsaidia kwa neno moja, lakini hakutaka. Alikuwa na hasira naye bado, na aliiona ni hasira halali.

"Alisema nini?" binti alimwuliza Mama Mwalimu.

"Alisema, 'Mwambie mwanangu ale, asinisubiri.'" Mama Mwalimu alikunja uso akitafuta. "Au alianza na kutosubiri. 'Asinisubiri, ale tu.' Sauti ilikuwa ndogo, na aliirudia. Sina hakika lipi lilitangulia."

"Mke wangu," Mwalimu alisema kwa mazoea, kidole kimeinuka, "lazima iwe moja kati ya—"

"Nyamaza, Mwalimu," binti alisema bila kumtazama. Alivuta mkono wa Mama Mwalimu akaubana kifuani kwa mikono yake yote. "Rudia, mama. Nayataka yote mawili."